MATUNDA KWENYE ASALI: historia ndefu ya chupa inayotoa povu

SEHEMU YA 1: Maswali matatu

Msimu wa embe umefika, na simu yangu imejaa picha za chupa. Embe limekatwa vipande, limezamishwa kwenye asali mbichi, juu kuna tangawizi. Wengine wameongeza nanasi, wengine kitunguu saumu. Siku ya tatu au ya nne povu linapanda, ukifungua kifuniko kinatoa "psss", na mwenye chupa ananiuliza: "Nesi, hii ndiyo imekuwa dawa au ndiyo imeharibika?"

Maswali yenu nimeyapanga mafungu matatu. La kwanza, imeharibika? La pili, ina kilevi? La tatu, ambalo ndilo limenifanya nikae chini niandike: "Mwanangu ana miezi saba na kifua kinambana, nimpe kijiko?"

La tatu nalijibu sasa hivi, ili hata asiye na muda wa kusoma zote saba asiondoke mikono mitupu. HAPANA. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali. Si mbichi, si iliyochemshwa, si iliyochacha na matunda, si ya kupaka kwenye ufizi wala kwenye chuchu bandia. Sababu iko Sehemu ya 6.

Sasa kwa nini historia? Kwa sababu kila nikisema hapana, napata jibu lile lile: "Lakini nesi, wazee wametumia tangu enzi na enzi." Sawa. Mimi sibishani na wazee. Twendeni tukawatembelee hao wazee mmoja mmoja, tuone walifanya nini hasa na asali na matunda yao, walijua nini, na ni kitu gani hawakuwa na macho ya kukiona. Nawaahidi hawakuwa wajinga. Mtashangaa walivyokuwa makini kuliko sisi wa kuiga video za dakika moja.

SEHEMU YA 2: Mwenye amri ni maji

Kabla hatujasafiri, tuelewane kitu kimoja. Kikieleweka hiki, historia yote inafunguka.

Nyuki akitoka kwenye ua analeta maji matamu. Kimiminika kile cha ua mara nyingi ni zaidi ya nusu maji. Ndani ya mzinga nyuki wanakipitisha mdomo kwa mdomo, wanakitandaza kwenye sega, halafu wanakipepea kwa mabawa usiku na mchana mpaka kikauke. Kikishafika kiwango wanachokitaka, wanaziba kijumba kwa nta. Ukiona sega limezibwa, ujue fundi ameshapitisha kazi yake. Warina asali wa Tabora na Katavi wanalijua hili bila kufundishwa darasani: asali ya sega lisilozibwa ni changa, ukiichanganya na nyingine zote zitachacha kwenye ndoo.

Asali iliyokomaa ina maji kama asilimia 17 au 18. Viwango vya kimataifa vya Codex haviruhusu zaidi ya asilimia 20 kwa asali ya kawaida. Sukari ni kama asilimia 80. Juu ya hapo asali ina uchachu wake, hata kama ulimi hausikii kwa sababu ya utamu. Bakteria akitumbukia humo, asali inamnyonya maji ya mwilini mwake mpaka anyauke. Hawezi kuzaliana. Ndiyo maana asali safi, kavu, iliyofunikwa vizuri, inakaa miaka.

Lakini sikilizeni vizuri: kushindwa kuzaliana si kufa. Kuna viumbe ndani ya asali vimelala tu, vinasubiri maji. Chachu ni mmoja wao. Yupo mwingine pia, tutakutana naye baadaye.

Sasa wewe unachukua embe, ambalo zaidi ya asilimia 80 ni maji, unalikata na kulizamisha. Asali inafanya kazi yake ileile ya kunyonya: inayavuta maji ya embe. Baada ya siku moja au mbili embe limesinyaa, na asali imekuwa nyepesi kama sharubati. Chachu iliyokuwa imelala inapata maji, inaamka, inakula sukari na kutoa vitu viwili: hewa ya ukaa, ambayo ndiyo povu lako, na kilevi.

Kwa hiyo swali la kwanza limejibika nusu. Povu lenyewe si dalili ya kuoza. Ni dalili kwamba mlinzi mkuu wa asali, yaani ukavu, ameondoka langoni. Kuanzia hapo usalama unategemea walinzi wengine: uchachu, usafi na muda.

SEHEMU YA 3: Vyungu vya Jiahu na ndoo ya msichana wa Egtved

Tuanzie mbali kabisa. Huko China, mkoa wa Henan, kuna kijiji cha kale kinaitwa Jiahu. Wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta vyungu vya udongo vya miaka ipatayo 9,000. Vyungu vilikuwa vitupu, lakini udongo una tabia ya kufyonza. Mwaka 2004 mtaalamu Patrick McGovern na wenzake walichapisha matokeo ya kupima mabaki yaliyonasa ndani ya kuta za vyungu hivyo. Walikuta dalili za mchele, asali na tunda, ama zabibu ama tunda pori la huko. Kinywaji kilichochachushwa.

Hebu fikirieni. Miaka 9,000 iliyopita, kabla ya chuma, kabla ya maandishi, mtu alishajua kwamba asali peke yake imelala, na tunda linaiamsha.

Turuke sasa hadi Denmark, mahali panaitwa Egtved. Mwaka 1921 kwenye kilima cha makaburi lilifunguliwa jeneza la gogo la mwaloni. Ndani alilazwa msichana wa miaka kati ya 16 na 18, aliyezikwa kiangazi cha mwaka 1370 KK. Nguo zake za sufi zilikuwa bado zipo. Miguuni aliwekewa ndoo ndogo ya magome ya mti. Mabaki ya ndoo yalipochunguzwa, yalionekana ni ya kinywaji cha ngano, asali, matunda madogo mekundu ya porini na mimea ya kutia harufu.

Kwa nini nawaletea watu hawa wawili? Kwa sababu watu husema kuchachusha matunda kwenye asali ni kuyahifadhi. Wa Jiahu na wa Egtved hawakuwa wanahifadhi. Walikuwa wanatengeneza kileo, na walijua hivyo. Waliongeza maji makusudi ili asali ichache.

Hizo ni kazi mbili tofauti kwa vifaa vilevile. Kuhifadhi maana yake unazuia maji yasishinde. Kuchachusha maana yake unayaachia. Chupa yako ya embe iko katikati, na mara nyingi mwenyewe hujui umesimama upande gani. Sehemu inayofuata nitawaletea mzee mmoja aliyejua sawasawa.

SEHEMU YA 4: Mkulima wa Kirumi na mgonjwa wa homa

Huyu mzee anaitwa Columella. Alizaliwa Gades, mji ambao leo ni Cádiz huko Hispania, na aliishi karne ya kwanza BK. Aliandika vitabu 12 vya kilimo, na kile cha 12 kina mambo mengi ya ghala na jiko: siki, zeituni, mvinyo, matunda ya kuweka akiba.

Tunda lake lilikuwa la jamii ya tofaa. Ni gumu, kali, la rangi ya njano, halilikiki hivihivi. Wareno wanaliita marmelo. Sokoni kwetu halipo. Ila maelekezo yake yasomeni kama yanaihusu embe yenu.

Anataka matunda yaliyoiva kabisa, yasiyo na kovu wala pondeko, yachumwe siku kavu isiyo na upepo. Yawekwe kwenye chombo kipya cha mdomo mpana, yasibanane yakaumizana. Juu yake upange vijiti vya kukingama, vikandamize kidogo, ili ukimimina asali yasielee. Kisha ujaze asali bora, ile nyepesi kumiminika, mpaka mdomoni, kila tunda lizame. Na anaonya: tunda bichi usiliweke, litakuwa gumu na halitakufaa tena.

Mimi nikisoma pale nasema, huyu mtu angekuwa msimamizi mzuri wa chumba cha dawa! Tunda lisiwe na pondeko, kwa sababu pondeko ni mlango wa ukungu. Chombo kijazwe mpaka juu, maana ukungu unataka hewa. Matunda yazamishwe kwa vijiti, kwa sababu kinachoelea juu ya asali ndicho kinachoota ukungu kwanza. Hakuwa na darubini. Alikuwa ameangalia tu, msimu hadi msimu.

Halafu anaongeza jambo la kitabibu. Anasema asali ile, baada ya kukaa na matunda, inatoa kinywaji ambacho wagonjwa wa homa wanaweza kupewa wakati wa chakula bila kudhurika. Kinaitwa melomeli. Daktari wa Kigiriki wa karne hiyohiyo, Dioscorides, naye anakitaja kwenye kitabu chake cha dawa. Kwake, matunda yanashindiliwa kwenye asali na kuachwa mpaka mwaka uishe ndipo kinywaji kinalainika.

Mwaka! Sisi siku ya tano tayari tunauza chupa kwa jirani.

Na lile neno la Kigiriki la tofaa la asali, melimelon, lilisafiri mpaka Ureno likawa marmelo, na tunda likipikwa ikawa marmelada. Ndilo neno ambalo Waingereza wanalitamka marmalade hadi leo. Karne ya 15 Wareno walianza kulima miwa kisiwani Madeira, sukari ikazidi kupatikana, na asali ikaondoka taratibu kwenye chungu cha matunda. Sukari ikapikwa motoni pamoja na tunda, moto ukaiua chachu. Ndiyo maana jemu haitoi povu na chupa yako inatoa. Moja imepikwa, nyingine iko hai.

SEHEMU YA 5: Yemen, mwegea na wanzuki

Tukaribie nyumbani sasa, maana najua wengi mnasubiri swali la pili: ina kilevi?

Yemen ni nchi ya asali tangu kale, na pwani yetu imefanya biashara na Yemen karne nyingi. Zama za Mtume, watu wa Yemen walikuwa na kinywaji cha asali iliyochachushwa kikiitwa bit'. Abu Musa al-Ash'ari, aliyetumwa huko, aliuliza hukumu yake. Jibu lililopokelewa halikuhangaika na jina la kinywaji wala kama kimetokana na asali au shayiri. Lilitazama jambo moja tu: kinalevya? Kama kinalevya, ni haramu.

Kwenye hadithi zilizopokelewa kuna pia habari za nabidh, zabibu kavu au tende zilizolowekwa kwenye maji. Zinaeleza kwamba kinywaji kile kilinywewa siku ileile, kesho yake, na keshokutwa mpaka jioni. Kilichobaki baada ya hapo kilimwagwa. Mimi si shehe, na suala la halali na haramu mpelekeeni mwenye elimu yake. Ila kama nesi naona kitu cha kuheshimu sana pale: watu waliweka mpaka wa MUDA. Walijua kwamba kinywaji kitamu kilicholowekwa hakibaki kilekile. Ni chenye kutembea.

Kwa hiyo ndiyo, chupa yako inayotoa povu ina kilevi. Mwanzoni ni kidogo, na kinaongezeka kadiri maji yalivyo mengi, joto lilivyo kali na siku zinavyosonga. Mwenye kujizuia na kilevi kwa dini, kwa ujauzito, kwa ini, au kwa sababu amepambana akaacha pombe, asidanganywe na neno "asili".

Bara nao wana historia yao, na ni ya ufundi wa hali ya juu. Ethiopia wana teji, asali na maji yakichachushwa pamoja na majani na vijiti vya mmea wa gesho. Kwetu Tanzania wanzuki mnaijua, sina haja ya kuwatambulisha! Na Kenya, kwa Wakikuyu na majirani zao, ipo muratina.

Muratina imepewa jina la tunda lake. Ni tunda la mwegea, ule mti wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kama soseji. Tunda lile haliliwi bichi. Linapasuliwa, linachemshwa, linakaushwa juani, halafu linalowekwa kwenye maji ya asali mpaka yachache, kisha linakaushwa tena. Chachu inabaki imejificha kwenye nyuzinyuzi zake. Siku ya kutengeneza, mzee anachukua kipande kile, anakitia kwenye asali na maji, na kazi inaanza bila hamira ya dukani. Ikiisha, kipande kinatolewa, kinakaushwa, kinatunzwa kwa safari nyingine.

Mnaona? Tunda kama ghala la chachu. Na kinywaji hicho kilikuwa na mahali pake: wazee, mahari, matambiko. Kilikuwa na mwenyewe, na kilikuwa na wasiohusika nacho. Hakikuwa cha kila mtu.

SEHEMU YA 6: Kile ambacho wazee hawakuwa na macho ya kukiona

Hii ndiyo sehemu niliyowaitia. Someni polepole.

Karne ya pili BK, mjini Roma, alikuwepo daktari anaitwa Soranus wa Ephesus. Aliandika kitabu cha magonjwa ya wanawake, uzazi na malezi ya watoto wachanga, kikatumika kwa karne nyingi. Kwa wakati wake alikuwa bingwa. Na huyu bingwa aliagiza kwamba mtoto aliyezaliwa alambishwe asali iliyochemshwa kiasi kabla ya kupewa maziwa. Tena alisema maziwa ya mama mwenyewe siku 20 za kwanza kwa kawaida si mazuri.

Leo kila mama anayejifungulia kwenye kituo anaambiwa kinyume chake: maziwa ya kwanza, yale ya njano, ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, na miezi sita ni maziwa ya mama tu. Hakuna anayesema "lakini Soranus alisema". Kwa nini basi kwenye asali tunasema "lakini wazee walisema"?

Soranus hakuwa mjinga. Alikosa kitu kimoja: hakujua kuna spora.

Historia ya kumjua adui huyu ni fupi. Miaka ya 1820 na 1822 daktari Mjerumani, Justinus Kerner, alichapisha maandiko kuhusu watu waliokuwa wakipooza na kufa baada ya kula soseji. Ugonjwa ukaja kuitwa botulizimu, kutoka neno la Kilatini la soseji. Mwaka 1895 kijijini Ellezelles, Ubelgiji, wanamuziki waliopiga kwenye mazishi walikula nyama ya paja la nguruwe iliyokaushwa, wakaugua, watatu wakafa. Profesa Émile van Ermengem akachunguza mabaki ya nyama na miili, akampata bakteria mwenyewe. Bakteria huyu anakaa kwenye udongo na vumbi. Hali ikiwa mbaya anajifungia ndani ya ganda gumu. Hilo ganda ndilo spora.

Spora inaweza kuwemo kwenye asali. Haizaliani, maana asali ni kavu na ina uchachu, lakini haifi. Kuchemsha jikoni hakuiui, inahimili maji yanayotokota. Kuiua kwa uhakika kunataka joto la nyuzi 121 chini ya mgandamizo, kama tunavyochemsha vifaa vya upasuaji. Kwa hiyo ile "asali iliyochemshwa kiasi" ya Soranus haikuwa kinga hata kidogo.

Mtu mzima akimeza spora hizo, bakteria wazuri waliojaa utumbo wake hawampi nafasi. Mtoto wa chini ya mwaka bado utumbo wake ni shamba tupu. Spora inaamka humo, inazaliana, inatoa sumu ndani ya mwili wa mtoto. Hali hii ilitambuliwa rasmi mwaka 1976 huko California, Marekani. Kabla miaka ya 1970 kuisha, watafiti walishaihusisha na asali. Siyo kila mtoto anayeipata amekula asali, maana vumbi nalo linabeba spora. Lakini vumbi hatuwezi kulizuia lote. Kijiko tunaweza.

Dalili zake zijueni. Mtoto anafunga choo siku kadhaa. Kilio kinakuwa hafifu. Kunyonya kunakuwa kwa shida, maziwa yanabaki mdomoni. Kope zinaanguka, uso unakosa mchezo, shingo inalegea, mwili mzima unakuwa kama kitambaa. Mwisho misuli ya kupumua inachoka. Ukiona hayo, usisubiri asubuhi. Mpeleke hospitali, na kama amewahi kuonja asali, SEMA. Hakuna anayekuja kukushtaki. Kipimo chake ni cha maabara kubwa, si cha zahanati, na mtoto aliyelegea anaweza kudhaniwa ana ugonjwa mwingine. Neno lako moja linaweza kumwelekeza daktari.

Najua wengine wana desturi ya kumlambisha mtoto kitu kitamu anapozaliwa, na pasipo tende wapo wanaotumia asali. Siigusi dini ya mtu. Naigusa asali tu. Hadithi maarufu za tahniki zinataja tende. Zungumza na shehe wako, zungumza na mkunga wako, asali ibaki kabatini.

Na msije mkasema nesi anaipiga vita asali. Wamisri walishaandika kwenye mafunjo ya yapata mwaka 1600 KK kwamba kidonda kifungwe kwa asali na mafuta, na hadi leo zipo dawa za kufungia vidonda zinazotengenezwa kwa asali iliyosafishwa maalumu. Mtoto aliyeshatimiza mwaka, akikohoa usiku, kijiko kidogo cha asali kinaweza kumtuliza. Hesabu yangu ni ya umri, basi.

SEHEMU YA 7: Chupa yako ya leo

Tumetoka Jiahu mpaka jikoni kwako. Tufunge kwa mambo ya kufanya, na mengi yake yametoka kwa wazee wenyewe.

1. Chagua tunda lenye uchachu. Bakteria wa botulizimu hawezi kuota mahali penye pH ya 4.6 au chini ya hapo. Nanasi, pasheni na ukwaju ni chachu vya kutosha. Embe inategemea aina na kuiva, embe lililoiva sana uchachu wake unapungua. Papai lililoiva, ndizi na kitunguu saumu uchachu wake ni mdogo, hivyo si vya kuachia mezani kwa kubahatisha. Kitunguu saumu hasa: mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 walipata botulizimu kwa kula kitunguu saumu kilichohifadhiwa kwenye mafuta bila kuwekwa kwenye baridi. Mafuta si asali, najua, lakini kitunguu ni kilekile.

2. Fuata Columella: tunda zima, safi, lisilopondeka, lizamishwe lote. Kinachoelea kigeuze kila siku kwa kijiko safi na kikavu.

3. Usijaze mpaka mdomoni kama yeye, maana chombo chake hakikuwa na kifuniko cha kukaza. Chupa ya kioo iliyokazwa huku povu linapanda inaweza kupasuka usoni mwa mtu. Acha nafasi, na legeza kifuniko kila siku hewa itoke.

4. Weka mpaka wa muda kama watu wa nabidh. Andika tarehe kwenye chupa. Joto letu la pwani si la Ulaya. Siku chache tu, kisha friji, na kitumike mapema.

5. Ukiona ukungu, rangi isiyoeleweka au harufu ya kuoza, mwaga yote. Usikwangue juu ukala chini. Na kumbuka sumu ya botulizimu inaweza kuwepo chakula kikiwa hakina harufu yoyote mbaya, ndiyo maana namba 1 ni namba 1.

6. Mwenye kisukari: chachu imekula sukari kidogo tu, iliyobaki ni nyingi. Hii ni asali, ihesabu kama asali.

7. Usiuze wala kugawa bila kusema ndani kuna nini na kwamba ina kilevi. Wazee wa muratina hawakumnywesha mtu bila yeye kujua anakunywa nini.

8. Chini ya mwaka mmoja: hapana. Nimeshaisema mara ngapi leo? Nitaisema tena msimu wa mananasi.

Ombi langu la mwisho. Sehemu ya 6 msiishie kuipenda tu hapa. Mara nyingi anayeshika kijiko si mama mtoto, ni bibi, ni shangazi, ni dada wa kazi anayebaki na mtoto mchana kutwa, na wengi wao hawapo mitandaoni. Wasomeeni kwa sauti, kwa adabu, bila kuwalaumu. Bibi anampenda mjukuu wake kuliko mimi ninavyompenda, na akishajua sababu, mlinzi wa mtoto atakuwa yeye. Maswali yenu yaleteni hapo chini, nikitoka zamu nitayajibu.